Kipimo cha Mkojo: Kinachoonesha na Kisichoweza Kuonesha

Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, kipimo cha mkojo ni miongoni mwa vipimo vinavyofanywa mara nyingi zaidi. Hakihitaji sindano, gharama yake ni ndogo, na majibu yake hupatikana katika muda mfupi. Pengine kwa sababu ya urahisi huo, ni miongoni mwa vipimo vinavyosomwa kwa haraka mno. Mgonjwa mwenye homa na maumivu ya kiuno hupewa karatasi iliyoandikwa “chembe za usaha 5–8”, akaambiwa ana UTI, akaondoka na dozi ya viuavijasumu. Mwingine huandikiwa “protini ++”, asiulizwe lolote, kisha hurudi baada ya miaka kadhaa figo zake zikiwa zimedhoofika. Wa kwanza ametibiwa ugonjwa ambao huenda hana. Wa pili hakutibiwa ugonjwa alio nao.

Makala haya yanaeleza namna mkojo unavyotengenezwa, vitu vilivyomo ndani yake, namna unavyochukuliwa na kupimwa, na namna majibu yake yanavyopaswa kusomwa. Msingi wa maelezo yote ni kwamba majibu ya mkojo hupata maana yanapounganishwa na mambo matatu: namna mkojo ulivyochukuliwa, muda uliopita kabla ya kupimwa, na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Mkojo hutengenezwaje

Kila figo ina takriban vichujio milioni moja vidogo sana viitwavyo nefroni. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna fundo la mishipa myembamba ya damu. Damu inapopita hapo kwa msukumo, maji pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka ndani yake hupenya na kuingia kwenye mirija ya figo, ilhali seli za damu na protini kubwa hubaki ndani ya mishipa. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji. Mwili wenyewe hauna maji mengi kiasi hicho. Majimaji yaleyale huchujwa tena na tena.

Kazi kubwa zaidi hufuata ndani ya mirija. Zaidi ya asilimia 99 ya majimaji yaliyochujwa hurudishwa kwenye damu, pamoja na sukari karibu yote na sehemu kubwa ya chumvi. Mabaki na asidi ambazo mwili hauzihitaji huachwa zitoke. Kinachobaki, kwa kawaida lita 1 hadi 2 kwa siku, huteremka hadi kwenye kibofu. Kwa hiyo mkojo hutoa habari za mambo mawili kwa pamoja: hali ya damu iliyochujwa, na uwezo wa figo zilizoichuja. Mtu mzima anayetoa chini ya mililita 400 za mkojo kwa siku anahitaji kuchunguzwa bila kuchelewa.

Kilichomo ndani ya mkojo

Takriban asilimia 95 ya mkojo ni maji. Sehemu iliyosalia ina urea, ambayo hutokana na kuvunjwavunjwa kwa protini na kutengenezwa kwenye ini, kreatinini, inayotokana na kazi ya misuli, asidi ya yuriki, amonia, na chumvi za sodiamu, potasiamu, kloridi, fosfeti na salfeti. Rangi ya manjano hutokana na urobilini, zao la mwisho la chembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwa. Mtu anayekunywa maji mengi hutoa mkojo mweupe zaidi kwa sababu rangi ileile imechanganyika na maji mengi.

Vitu vingine havitarajiwi kuonekana, au huwa vichache mno. Protini inayotoka kwa mtu mwenye afya haizidi miligramu 150 kwa siku, kiasi ambacho kijiti cha kipimo kwa kawaida hakikioni. Sukari huanza kuonekana pale ambapo sukari ya damu inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, kwa kuwa uwezo wa mirija kuirudisha una kikomo. Hata hivyo, mjamzito anaweza kuonesha sukari kwenye mkojo ingawa sukari ya damu yake ni ya kawaida, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dapagliflozini ataionesha kila mara kwa sababu ndiyo kazi ya dawa hiyo. Kwa hiyo kisukari huthibitishwa kwa kupima damu.

Kuchukua mkojo kwa ajili ya kipimo

Makosa mengi ya kipimo cha mkojo hutokea kabla chombo hakijafika maabara. Mgonjwa hukabidhiwa kopo na kuambiwa “kalete mkojo”, bila maelezo mengine. Ngozi ya sehemu za siri ina bakteria wake wa kawaida, na ukeni kuna seli na majimaji ambayo huchanganyika kwa urahisi na mkojo. Mchanganyiko huo ukifika chini ya hadubini hufanana sana na ugonjwa.

Utaratibu unaofaa kwa vipimo vingi ni kuchukua mkojo wa katikati. Mgonjwa hunawa mikono. Mwanamke hutenganisha mashavu ya uke na kujisafisha kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume ambaye hajatahiriwa huvuta nyuma govi na kujisafisha. Mkojo wa mwanzo huachwa uende chooni, unaofuata hukingwa kwenye kopo bila kugusa ndani yake, na wa mwisho huachwa uende chooni pia. Kopo liwe safi na kavu. Kwa kipimo cha kuotesha vimelea liwe lile lililotakaswa na kufungwa. Chupa ya soda au ya dawa iliyosuuzwa nyumbani haifai, kwa kuwa mabaki ya sukari, sabuni au dawa hubadilisha majibu. Mwanamke aliye katika hedhi amweleze mhudumu, maana kiasi kidogo tu cha damu kinatosha kupotosha kipimo. Kwa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, sampuli huvutwa kwenye sehemu maalumu ya mpira baada ya kuisafisha, wala haichotwi kwenye mfuko.

Yapo mahitaji yanayotofautiana na hayo. Kipimo cha kimolekuli cha kisonono na klamidia huhitaji mkojo wa mwanzo, ule unaosafisha njia ya mkojo unapotoka. Uchunguzi wa protini hufaa zaidi kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hasa katika matone ya mwisho.

Jambo la pili ni muda. Mkojo uliotuama kwenye joto la chumba huendelea kubadilika. Bakteria wachache huongezeka na kuwa wengi, sukari hupungua kwa kuwa bakteria huitumia, seli hupasuka, na urea hugeuka amonia inayoufanya mkojo upoteze asidi yake. Mkojo upimwe ndani ya saa 2. Isipowezekana, uwekwe kwenye jokofu. Kwa kipimo cha kuotesha unaweza kukaa humo hadi saa 24. Mkojo uliokaa dirishani tangu asubuhi ukapimwa alasiri hautoi majibu ya kuaminika.

Maabara hupima nini

Uchunguzi wa kawaida una hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kwa macho. Rangi nyekundu huweza kuwa damu, lakini pia huweza kutokana na viazisukari vyekundu. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu hutoa mkojo wa rangi ya chungwa, na aelezwe hivyo siku ya kwanza ya dawa ili asiogope na kuiacha. Mkojo wa rangi ya chai nzito unaoambatana na macho ya manjano huelekeza kwenye ini au njia za nyongo. Mkojo mweusi kama kahawa kwa mgonjwa wa malaria kali ni dalili ya hatari inayohitaji hospitali mara moja.

Hatua ya pili ni kijiti cha kipimo chenye vipande vinavyobadilika rangi. Kijiti huonesha uzito linganifu wa mkojo, kiwango cha asidi, protini, sukari, ketoni, damu, bilirubini, urobilinojeni, nitriti na kimeng’enya cha seli nyeupe. Uzito linganifu huwa kwa kawaida kati ya 1.005 na 1.030, ukipanda mtu anapokosa maji na kushuka anapoyanywa kwa wingi. Mgonjwa wa selimundu mara nyingi hubaki karibu na 1.010 hata akiwa na kiu, kwa sababu figo zake zimepoteza uwezo wa kubana maji. Ndiyo maana watoto wengi wenye selimundu hukojoa kitandani, na kuwaadhibu hakusaidii.

Kijiti kina masharti yake. Kila kipande kina muda wake wa kusomwa, kuanzia takriban sekunde 30 hadi dakika 2, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kikisomwa baada ya robo saa, rangi zake hazina maana. Kichupa kifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, kwa sababu unyevu wa hewa huharibu vijiti vyote vilivyomo hata kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Vitamini C kwa kiwango kikubwa huweza kuficha damu na sukari.

Nitriti inahitaji maelezo ya pekee. Bakteria wengi wanaosababisha maambukizi ya njia ya mkojo, akiwamo Escherichia coli aliye wa kwanza kwa wingi, hugeuza nitrati kuwa nitriti. Kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kibofuni takriban saa 4. Mgonjwa anayekojoa kila nusu saa kwa sababu ya maambukizi hampi bakteria muda huo, na wapo bakteria wasioifanya kazi hiyo kabisa. Kwa hiyo nitriti ikionekana, uwezekano wa maambukizi ni mkubwa. Isipoonekana, maambukizi hayajaondolewa.

Hatua ya tatu ni hadubini. Mkojo huzungushwa kwenye mashine kwa dakika 5 hivi, mashapo yakabaki chini, na tone lake likaangaliwa. Mtaalamu wa maabara huhesabu chembe za usaha, yaani seli nyeupe, na chembe nyekundu katika kila eneo la hadubini. Chembe za usaha hadi 5 huhesabiwa kuwa za kawaida, na chembe nyekundu 3 au zaidi huhitaji maelezo. Seli bapa za ngozi zikiwa nyingi, sampuli imechanganyika na majimaji ya nje. Jibu sahihi hapo ni kurudia kuchukua mkojo. Kasti, vitu vyenye umbo la mwanzi mdogo vilivyofinyangwa ndani ya mirija ya figo, zikiwa na chembe nyekundu huonesha kwamba vichujio vya figo vimevimba.

Kijiti kikionesha damu lakini hadubini isione chembe nyekundu, huenda chembe hizo zimekwisha kupasuka, au kilichoonekana ni rangi ya misuli iliyoumia. Majibu ya hatua moja husomwa pamoja na ya nyingine.

Kuotesha vimelea

Kuotesha ndicho kipimo kinachotaja bakteria kwa jina na kuonesha dawa inayomuua. Huchukua saa 24 hadi 48 au zaidi, na sampuli hukingwa kabla ya dozi ya kwanza ya kiuavijasumu. Kipimo mashuhuri cha vimelea 100,000 kwa mililita moja kilitokana na kazi ya Edward Kass nchini Marekani katika miaka ya 1950. Kilikusudiwa kutenganisha maambukizi na uchafu wa kuchukulia mkojo. Mwanamke mwenye dalili za wazi anaweza kuwa na maambukizi hata idadi ikiwa chini ya hapo. Aina tatu au zaidi za bakteria katika sampuli moja kwa kawaida ni ishara ya uchafu.

Si kila mgonjwa anayehitaji kuotesha. Wanaohitaji zaidi ni wajawazito, watoto, wanaume, wenye homa na maumivu ya ubavuni, ambao maambukizi yao hurudi, na wale ambao dawa ya kwanza haikuwasaidia.

Kichocho

Katika Unguja, Pemba, ukanda wa pwani na sehemu za Kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo wa mtoto humkumbusha mhudumu kichocho cha njia ya mkojo. Minyoo yake ilitambuliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mabuu hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kucheza majini. Mayai yenye mwiba mmoja mwishoni hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuujeruhi. Maabara huchuja mililita 10 za mkojo na kuyahesabu. Tiba ni prazikwanteli.

Katika baadhi ya jamii damu kwenye mkojo wa mvulana iliwahi kuchukuliwa kuwa sehemu ya kukua. Kichocho kisipotibiwa kwa miaka mingi huziba mirija ya mkojo, huharibu figo na huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Kwa mwanamke, vidonda vyake kwenye mlango wa kizazi hudhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa, na mgonjwa hubeba aibu isiyo yake.

Majibu yaleyale, wagonjwa tofauti

Tuseme karatasi nne zimetoka maabara, na zote zimeandikwa “chembe za usaha 10–12”.

Ya kwanza ni ya mwanamke kijana anayesikia mkojo ukiwaka, anayekojoa mara kwa mara, na asiyetokwa na uchafu ukeni. Dalili na majibu yanakubaliana; ana maambukizi ya kibofu na anastahili tiba.

Ya pili ni ya bibi mwenye umri wa miaka 75 aliyepimwa katika uchunguzi wa kawaida. Hana maumivu wala homa. Hata akikutwa na bakteria, kuwaua hakumletei nafuu, kwa kuwa hakuwa na tatizo. Kunamletea madhara ya dawa, na kunawafundisha bakteria wake usugu utakaojitokeza siku atakapougua kweli.

Ya tatu ni ya mjamzito asiye na dalili. Kwake utaratibu ni tofauti. Mkojo huoteshwa, na bakteria wakithibitika hutibiwa hata kama hasikii chochote, kwa kuwa wakati wa ujauzito bakteria hupanda kwa urahisi hadi kwenye figo na kuhatarisha mama na mtoto.

Ya nne ni ya mwanamume aliyekwisha kumaliza dozi tatu za viuavijasumu bila nafuu, na mkojo wake ukioteshwa hauoti kitu. Usaha usio na bakteria wa kawaida humtaka mhudumu afikirie kisonono, klamidia, mawe ya figo, na kifua kikuu cha figo. Dozi ya nne ya aina ileile itamchelewesha tu.

Liko na kundi la tano lililo kubwa zaidi: wenye homa isiyo na dalili yoyote ya mkojo. Chembe chache za usaha kwao haziondoi malaria, homa ya mapafu wala ugonjwa mwingine. Jina “UTI” likitamkwa mapema, uchunguzi husimama, na ugonjwa halisi huendelea.

Protini isipuuzwe

Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Hospitali ya Guy’s jijini London alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto, na ambao figo zao zilikutwa zimeharibika baada ya kifo. Tangu hapo protini kwenye mkojo imebaki kuwa ishara ya mapema ya ugonjwa wa figo, ugonjwa ambao hauumi hadi unapokuwa umekwenda mbali.

Homa, mazoezi makali na kusimama muda mrefu huweza kutoa protini kwa muda. Kwa hiyo kipimo hurudiwa kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ikiendelea kuonekana kwa miezi 3, figo zina tatizo na sababu yake itafutwe. Wenye kisukari, shinikizo la damu na maambukizi ya VVU wapimwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa mwenye kisukari, kijiti cha kawaida huchelewa. Kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini hutambua tatizo likiwa bado dogo, uwiano unapofika miligramu 30 kwa gramu. Wakati huo udhibiti wa sukari na shinikizo la damu, pamoja na dawa kama enalaprili au losatani, huweza kuchelewesha kwa miaka mingi haja ya kusafishwa damu kwa mashine. Dawa hizo mbili hazitumiki kwa mjamzito.

Kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, protini pamoja na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu na maumivu ya juu ya tumbo, vikiambatana na shinikizo hilo, ni dharura hata kama kijiti hakikuonesha protini.

Yanayofaa kukumbukwa

Mgonjwa aeleze dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba na vitamini. Aulize namna ya kukinga mkojo kama hakuelezwa. Aupeleke maabara mara moja. Na aitunze karatasi ya majibu kwa ajili ya kulinganisha. Akiambiwa ana maambukizi ilhali hana dalili yoyote ya mkojo, ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kimeonekana. Mtu mzima anayeona damu kwenye mkojo bila maumivu asitulie kwa sababu imekoma yenyewe. Saratani ya kibofu huweza kuanza hivyo, na kibofu chake kinapaswa kuchunguzwa.

Mhudumu wa afya, kabla ya kuandika dawa, ajiulize maswali manne. Je, mgonjwa ana dalili za njia ya mkojo? Je, sampuli ilikuwa ya katikati, na ilipimwa ndani ya saa 2? Je, seli bapa za ngozi zilikuwa nyingi? Je, kuna protini au damu ambayo haijapata maelezo? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, na mgonjwa si mjamzito, kiuavijasumu kisubiri na chanzo kingine kitafutwe. Jibu la swali la nne likiwa ndiyo, mgonjwa asiondoke bila tarehe ya kurudia kipimo.